Kichwa cha Saa Tisa

Tiwi, Kwale
Mwisho wa Januari, 1999

Kwa dada yangu Wakesho,

Shikamoo dada, tena shikamoo mbili: moja ya leo, na moja ya kuomba radhi kwa kimya changu cha tangu mwezi wa kumi. Natumaini barua hii itakukuta umesimama, na lile goti lako limekubali kushuka hadi mferejini na kupanda tena. Mimi nipo. Joto la huku mwezi huu linamfanya mtu akumbuke blanketi kwa majonzi. Ukungu wa kwetu ningeuagiza kwa posta, kama ungekubali kukaa ndani ya bahasha.

Barua yako niliipata Jumanne. Mara ya kwanza niliisoma nikiwa kazini, pasi mkononi, nikaunguza foronya ya mgeni. Mara ya pili niliisoma nimeketi. Shauri nimelielewa. Mwanao Mkawasi amechumbiwa, mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, mpaka baba mdogo wa mchumba aliposimama mbele ya wazee akasema nyumba yetu ina mguu wa usiku. Kwamba marehemu baba alikuwa akitembea saa za wachawi, na sasa Danieli fundi bomba, aliyelala kwangu siku mbili, amerudi kwetu Mgange na habari kwamba nami nimerithi. Wazee wamekupa hadi Pasaka uwajibu. Nawe unaniuliza, "Na wewe pia umeanza?" kisha kabla sijajibu unaniomba niandike kwa mkono wangu kwamba Danieli ni mwongo.

Dada, Danieli si mwongo. Ndiyo maana barua hii ni ndefu. Tafuta kigoda uketi.

Yalianza mwaka juzi, nilipotimiza hamsini na tatu. Mchana sina neno. Nasimama pale kwenye chumba cha dobi, Diani, nanyoosha mashuka ya watu wanaovuka bahari kuja kulala. Hakuna anayejua usingizi wa watu kama dobi. Shuka la aliyelala vizuri lina mikunjo michache tu, la aliyegaagaa linakuja limesokoteka kama kamba ya kufungia mbuzi. Langu mimi siku hizo lingefunga ng'ombe.

Na si kwamba usingizi haukuja. Saa tatu nikiweka kichwa kwenye mto, unakuja wenyewe. Kisha naota, na ndoto ni moja tu, inabadilisha nguo. Niko kwetu, lakini bahari imepanda mpaka Mgange, polepole, bila kelele, imesimama chini ya shamba la kahawa kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Maji ni ya vuguvugu. Kabichi zako zinaelea juu yake, nawe unazikusanya kwa kanga kama kawaida, hushangai. Mbele yangu, kwenye njia ya katikati ya miti ya kahawa, anakwenda mtu amejifunga kitambaa kichwani. Sioni uso, lakini mgongo ule naujua. Namfuata. Sasa nasikia mchi wa mama, twa, twa, anatwanga mahindi mahali nisipopaona, na kila ukishuka unashukia karibu zaidi, mpaka natambua kwamba kinu ni kichwa changu.

Hapo naamka. Naitazama saa iliyoning'inia kwenye msumari: tisa kasoro dakika kumi. Kesho yake, tisa kasoro kumi na mbili. Kesho kutwa, kasorobo. Nimewahi kufanya kazi chini ya mameneja wanne, na hakuna hata mmoja aliyetunza saa namna hiyo.

Maumivu yenyewe ni ya kichwa kizima, kama nimevalishwa sufuria iliyotoka jikoni. Nikibaki nimelala yanazidi. Nikiketi, afadhali. Nikitembea, afadhali zaidi. Basi nafunga taulo bichi kichwani, natoka, naizunguka nyumba, minazi kumi na mmoja kwenda na kumi na mmoja kurudi. Kiasi cha saa moja hivi, mchi unachoka, nami narudi kulala kama mtu asiye na kisa.

Sasa mtazame Danieli. Ametoka nje kwa haja ndogo, mbalamwezi imewaka, anamwona mtu mrefu mwenye kitu cheupe kichwani, anahesabu minazi kwa sauti. Ningekuwa yeye ningefika Mgange kwa miguu. Mimi, kwa adabu tuliyofundishwa, nikamwambia, "Habari za usiku, Danieli." Asubuhi nikamkuta ameshafunga mfuko.

"Naona niwahi, kaka Mwakio."

"Hata chai?"

"Chai nitakunywa Voi."

Kutoka Tiwi mpaka Voi dada unapajua. Mtu anayeahirisha chai umbali huo ana jambo.

Usidhani sikutafuta dawa. Nilimeza vidonge vya dukani mpaka mwenye duka akawa ananisalimu kwa jina. Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanatumu, mjane wa Kidigo ambaye nimepanga chumba kwake mwaka wa sita huu, aliniita akaniketisha juu ya kiti cha kamba, akaweka chetezo chini yake.

"Hicho si kichwa, mwanangu. Hicho ni mgeni," aliniambia. "Na mgeni asiyeaga hufukuzwa kwa moshi."

Nikafukizwa ubani mpaka nikanukia kama Ijumaa. Usiku kichwa kikaja saa ileile, safari hii kimejitia manukato.

Mwishowe nikaenda hospitali, Msambweni. Daktari alikuwa kijana wa sauti ndogo, wa umri wa kuwa mwanangu, lakini aliuliza kama mzee.

"Mchana kinauma?"

"Mchana kinanisahau."

"Macho yanatoa machozi? Pua inaziba upande mmoja?"

"Hapana."

"Ukisinzia mchana je?"

"Dobi akisinzia, hoteli inaungua, daktari."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akanimulika macho, akanipima presha, akanitembeza juu ya mstari wa sakafu kama polisi anavyofanya na mlevi. Akasema, "Mzee, mtu aliyepita hamsini akianza kuamshwa na kichwa, hatubahatishi. Kwanza tuhakikishe hakuna kitu kinachoota humo ndani." Akaniandikia karatasi ya kupigwa picha ya kichwa, Mombasa.

Sikukuandikia wakati ule, dada, kwa sababu niliogopa. Nilipoingizwa kwenye ile mashine nilimwahidi Mungu mambo mengi, na mengine naona amekuwa muungwana hajayataja tena. Picha ilitoka safi. Bi Mwanatumu aliinyanyua juani akaitazama kwa makini, juu chini.

"Alhamdulillahi, ubongo upo," akasema. "Tena naona bado mpya, hujautumia."

Daktari aliniambia nipunguze vile vidonge, maana vikizidi navyo huleta kichwa, na akanipa kazi: niandike kwenye daftari kila usiku saa ya kuamka. Nikaandika. Bi Mwanatumu, ambaye maandishi yake ni ya Kurani tu, akaniomba nimsomee. Nikasoma: tisa kasoro kumi, tisa kasoro kumi na mbili, tisa kasorobo. Akahesabu vidole.

"Ramadhani inaingia wiki ijayo," akasema.

Sikumwelewa. Nawe wa kanisani huenda usielewe, kwa hiyo nikueleze. Mwezi wa mfungo watu wa huku hula kabla ya alfajiri, na chakula hicho ndicho daku. Nyumba isiyoamka saa tisa kupika, watu wake watashinda na njaa mpaka magharibi. Sasa kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kwa fundi. Wapiga ngoma wa kuamsha hawafiki upande wetu kwa kuogopa mbwa wa nyumba ya wageni iliyo pale njiani. Na saa ya Bi Mwanatumu ya mezani ina tabia ya kurudi nyuma.

"Wewe si unaamka?" akaniambia. "Basi ukishaamka, ugonge milango. Maumivu yasipotee bure, mwanangu."

Hivyo ndivyo Mkristo wa milima ya Taita alivyopewa cheo. Kila usiku ndoto, bahari, mchi, saa, kisha taulo bichi, kisha milango sita ya nyumba ile: "Daku! Daku jamani!" Taa za chemni zikawaka moja baada ya nyingine. Moshi wa vifuu ukapanda kati ya minazi. Watu hula daku wakizungumza kwa sauti za chini, nusu wako usingizini, na nazi inachemka, na watoto wanalala wameketi na tonge mkononi. Nami nawekewa sahani yangu, wali na samaki wa kupaka, taulo kichwani, naumwa katikati ya watu. Sijui nikwambieje. Kichwa kilekile, saa ileile, lakini kilikuwa chepesi zaidi. Pale hakuna aliyesema nina mguu wa usiku. Walisema nachuma thawabu.

Tukaenda hivyo hadi mfungo ukawa umevuka nusu. Jioni moja, watu wametoka kusali tarawehe, kaka yake Bi Mwanatumu, Mzee Bakari, alikuwa ameketi barazani na dele lake la kahawa. Akanimiminia kikombe.

"Nimekatazwa," nikasema. Na ni kweli, mama wa huduma ya kwanza pale hotelini aliniambia mwenye kichwa asiguse kahawa. "Tena hata nyumbani hatukuinywa. Baba alikuwa na shamba zima, lakini alisema kahawa ni ya kiwanda."

"Sasa mtu analima asichokinywa?"

"Ndivyo tulivyolelewa."

"Basi hapa umekuja kulelewa upya. Shika. Mwezi mtukufu huu, mgeni hakatai."

Nikanywa viwili, chungu kweli, na kipande cha kashata. Yeye, ili nisinywe peke yangu, akaongeza wake mmoja. Nikaenda kulala nikijua nitalipa.

Bahari ikapanda kama kawaida. Kabichi zikaelea. Nikamwona yule mtu wa mbele, nikamfuata, nikawa nasubiri mchi. Mchi haukulia. Nikaendelea kutembea, na kwa mara ya kwanza njia ile ikawa na mbele. Aliyoniambia mtu yule nitakwambia, lakini kwanza nikwambie yaliyonikuta nilipofumbua macho, maana jua lilikuwa limeingia mpaka kitandani.

Milango sita imefungwa. Kimya. Bi Mwanatumu ameketi kizingitini, mikono mapajani.

"Mwakio."

"Shikamoo Bi."

"Kichwa kiko wapi?"

"Hakikuja."

"Hakikuja!" Akapiga kofi moja. "Miaka miwili hakikosi hata siku ya mvua, kije kukosa leo, na mimi nimeroweka mbaazi!"

Kutoka mlango wa tano ikaja sauti ya mwanamume: "Mwambieni tumpige nyundo kidogo tu, ya kesho!" Wanawake wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu ambao tumbo limeshajua hakuna kitu mpaka jioni. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini chini ya aibu, dada, nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimelala usiku mzima.

Nikajaribu. Usiku bila kahawa, kichwa kikarudi saa yake kimenuna. Usiku wa vikombe viwili, hakuna. Bila, kikarudi. Viwili, hakuna. Nikayaandika yote nikampelekea daktari. Alisoma daftari lile mpaka mwisho.

"Kipo kichwa cha namna hii," akasema. "Huwapata watu wachache, wengi wao wa umri wako, na humjia mtu usingizini tu. Hakiui. Kuna wanaotulizwa na kahawa kabla ya kulala. Kinachowakesha wenzako ndicho kinachokulaza wewe. Lakini usije ukawa daktari wa Tiwi, mzee. Mwenye kichwa mwingine aje hapa apimwe kwanza, kama ulivyopimwa."

"Kinarithiwa?" nikamwuliza.

"Sijui. Kwa nini?"

Nikasema nauliza tu.

Na daku? Mungu hamtupi mja wake. Kikombe kile cha ziada kilimkausha Mzee Bakari macho, usiku ule akakesha akihesabu makuti ya paa, akinisubiri mimi nigonge. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyegonga milango mpaka Idi, kwa bakora, akininung'unikia mimi niliyekoroma ndani.

Sasa tuje kwa baba.

Wewe unakumbuka kama mimi. Kitambaa kilichofungwa kichwani asubuhi. Beseni la maji ambalo mama aliliweka nyuma ya mlango kila jioni, nasi tukadhani ni la kunawa. Mlango wa nyuma unaolia saa zilezile. Tulidhani anakwenda kulinda zamu ya maji ya mfereji. Majirani walidhani vingine. Alipoulizwa na wazee alisema maneno mawili, "Natembea tu," akanyamaza hadi kufa kwake, miaka tisa baadaye. Ng'ombe wa watu wakifa, walitazama mlango wetu.

Dada, hakuwa mchawi. Alikuwa anaumwa. Na alikuwa anakwenda na kurudi kati ya miti ile ya kahawa, akishika matawi asianguke, akitembea katikati ya dawa yake kila usiku, asijue, kwa sababu kahawa ni ya kiwanda.

Na kuna jambo jingine. Nimelibeba miaka arobaini na zaidi, na kama nisingeumwa ningekufa nalo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Watoto wa shule walikuwa wakiambiana kwamba mwanga hujulikana kwa jivu: ukimwaga jivu kizingitini jioni, asubuhi utaona unyayo wake. Nikamwaga. Asubuhi nikaona nyayo za baba, zimetoka, zimerudi. Nikaenda nikawaambia shuleni, nikijisikia mkubwa. Kufikia Jumapili lilikuwa limefika kanisani. Wiki ileile posa yako ya kwanza ikarudi ilikotoka, nawe ukalia chini ya ghala la mahindi, na hakuna aliyekwambia lilianzia wapi. Lilianzia kwangu. Mungu alikupa mume baadaye, na alikuwa mtu mwema, lakini hilo halinisafishi. Danieli amenifanyia lile nililomfanyia baba, tena yeye ana udhuru, maana aliogopa. Mimi sikuogopa. Nilitaka kusikilizwa tu.

Sitaandika kwamba Danieli ni mwongo. Nyumba yetu imeshaharibiwa na maneno mara moja, tusiitengeneze kwa uongo. Nakuomba uisome barua hii mbele ya wazee, yote, na jivu. Mkawasi awepo asikie, na mchumba wake pia, wao ndio watakaolala nyumba moja. Mimi nimeomba likizo ya Pasaka. Nitakuja na picha ya kichwa na cheti cha daktari, na mwenye shaka anaweza kulala chumba kimoja nami, aone.

Nawe umeniuliza kama uing'oe kahawa upande kabichi, kwa kuwa kahawa haina maana tena. Panda kabichi dada, lakini mistari mitatu ya nyuma ya nyumba, ile ya njiani, iache.

Niliahidi kukwambia ndoto. Usiku ule wa kwanza bila mchi, njia ilishuka hadi maji yalipoishia, na yule mtu akasimama. Alikuwa baba. Akageuka. Hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu aliyengoja gari muda mrefu hatimaye akaona taa. Akanitazama taulo langu kichwani.

"Na wewe pia?" akaniuliza.

"Na mimi pia, baba."

Basi akasogea pembeni kidogo ya njia, akaniachia nafasi, tukatembea sambamba.

Nisalimie wote. Mwambie Mkawasi mjomba wake anakuja na atacheza harusini hata asipoombwa. Msalimie mama mkwe wako, umwambie dua zake zilifika Tiwi zikapokelewa na ubani. Salamu kwa katekista, na kwa jirani wa mfereji hata kama bado anaiba maji. Msalimie Danieli kwa namna ya pekee, umwambie chai yake bado ipo. Huku Bi Mwanatumu na Mzee Bakari wanakusalimu, wanasema siku ukija utapewa chumba cha upepo.

Ni mimi mdogo wako, ninayelala sasa,
Mwakio

Tena, kabla sijafunga bahasha: chuma kopo moja la kahawa ya baba, uikaushe, uikaange, uitwange kwenye kinu cha mama. Siku ya kikao, jioni, mpe baba mdogo wa mchumba vikombe viwili, kwa heshima zote. Akikosa usingizi, mwambie atoke nje atembee kidogo. Na uwaambie majirani waache madirisha wazi.